Ua Lililopanda Mguuni

Wiki iliyopita, upande wa pili wa ukuta wangu hapa Mangarivotra, mtaa wa Mahajanga, walikuwa wakikoroga hina. Sikuwaona. Nilisikia tu kijiko kikigonga bakuli, na wanawake wakibishana kama ndimu zinatosha. Kisha harufu ikavuka ukuta: majani yaliyosagwa, ndimu, karafuu, na juu yake tone la langilangi, ambalo watu wa kwetu hawawezi kuliacha. Nilikuwa naanika nguo. Nikasimama na shuka mkononi mpaka maji yote yakanichuruzikia miguuni, kwa sababu harufu hiyo hainipeleki harusini. Hunipeleka kwenye chumba chenye madirisha yaliyofungwa, kisiwani Nosy Be, na kwenye mguu wa mama mdogo Moina.

Wa rika langu wataikumbuka miaka hiyo kwa sabuni iliyokatwa vipande na foleni za mchele. Familia yetu ilikuwa imetoka Mahajanga muda si mrefu, baada ya fujo ambazo wakubwa hawakuzizungumza mbele yetu. Najua tu kwamba nyumba ilibaki huko, na sisi tukashuka Nosy Be na mabunda ya leso na masufuria. Wengine wa ukoo walipanda meli kwenda Komoro. Bibi yangu mzaa mama, ambaye sote tulimwita Koko, alikataa kwenda mbali zaidi. Tukakaa katika nyumba ya mbao na mabati nje kidogo ya Hell-Ville, mji ambao wenyeji huuita Andoany, kando ya barabara inayopita katikati ya mashamba ya langilangi.

Nyumbani tulisema Kimalagasi cha kule kaskazini-magharibi, na Kikomoro wakubwa walipokuwa na siri. Kiswahili kilikuwa kimebaki kwa Koko katika dua, katika kupima nguo, na katika majina ya pepo za bahari. Mimi nilikipata ukubwani, kwa miaka niliyokaa Zanzibar, na ndicho ninachoandikia. Maneno ya watu hawa nimeyavusha. Sauti zao nimejitahidi kuziacha zilivyokuwa.

Mama mdogo Moina alikuwa kitinda mimba wa Koko, na kazi yake ilikuwa kuchuma maua. Mti wa langilangi hukatwa kichwa ungali mchanga, matawi yake yakavutwa chini ili mchumaji ayafikie, basi shamba zima huonekana kama watu walioinama wakitafuta kitu walichodondosha. Wachumaji huingia alfajiri, kabla jua halijanyonya harufu. Moina aliingia pekupeku, kama wenzake wote. Mguu wake ulikuwa mpana, vidole vimeachana, na nyayo zake zilinuka maua hata siku za Ijumaa ambazo hakufanya kazi. Nilikuwa nikilala miguuni kwake makusudi.

Alikuwa ameposwa na Yusufu, kijana wa Mahajanga aliyekuwa akifanya kazi bandarini na ambaye, tofauti na sisi, hakuondoka. Harusi ilipokaribia, Yusufu alimtuma msafiri na kifurushi. Ndani mlikuwa na vitambaa viwili, chupa ya marashi, na jozi ya viatu vyeupe vya kufunika vidole, vyembamba mbele kama mdomo wa ndege. Viatu vya dukani, katika miaka ile! Wanawake wa jirani walikuja kuvitazama. Vilipitishwa mkono kwa mkono kama mtoto mchanga.

"Hivi vimefinyangwa juu ya mguu wa malaika," mmoja akasema.

"Malaika hachumi maua," akajibu Moina, akatazama vidole vyake, na wote wakacheka.

Baada ya hapo alifungiwa ndani. Kwetu, bibi harusi huwekwa chumbani muda mrefu kabla ya siku yake, asionwe na jua wala na watu wa nje, ngozi ilainike na jina lake lipumzike midomoni mwa watu. Baadhi ya familia zilizohama kama sisi zilikuwa zimeanza kufupisha mambo hayo. Mama yangu mwenyewe alidokeza kwamba siku chache zingetosha. Koko alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Nyumba tumeiacha," alisema. "Ada hatuachi."

Akaletwa Bi Echata kuwa somo, yaani mwanamke wa kumfunda bibi harusi na kumlea humo ndani. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye pumzi fupi, na aliamini kwamba kila jambo lina namna yake moja tu. Miguu ya Moina ilimsikitisha. "Mama we, hii ni miguu au makafi?" aliuliza siku ya kwanza. "Bibi harusi hatembei kama bata. Vaa viatu vya mume wako, vikuzoee." Basi kila siku Moina alivivaa viatu vyeupe, akazunguka chumba kutoka kitandani hadi dirishani, dirishani hadi kitandani, huku Bi Echata akimhesabia mwendo kwa kupiga makofi.

Mimi nilipewa kazi ya kumpepea. Sijui kama nimewahi kupewa kazi tamu zaidi. Chumba kilikuwa na giza la rangi ya chai. Mwanga uliingia kwa nyufa za mbao, ukalala sakafuni kama nyuzi, na vumbi lilipanda na kushuka ndani yake taratibu sana, kana kwamba lilikuwa na siku nzima ya kufika linakokwenda. Nje, mbali, ng'ombe wa mikokoteni walipita na mizigo ya maua. Moina alilala chali, uso umepakwa masonjoany, ule mti wa rangi ya dhahabu ambao wanawake wa pwani yetu huusaga juu ya jiwe wakajipaka, nao ukikauka uso unakuwa kama wa sanamu. Macho tu ndiyo yalitembea. Nilipepea, nikasinzia, nikashtuka, nikapepea tena.

Hina ya kwanza ilipakwa mapema, ili nyingine ipakwe juu yake na nyingine juu ya hiyo, mpaka ikolee na kuwa nyeusi. Bi Echata alichora ua kubwa juu ya kila mguu, na vidole akavifunika vyote, kucha na nyama yake, kana kwamba vimechovywa ndani ya chungu. Nilipomuuliza Moina kwa nini ua halina shina, alicheka kwa pua, asiuvunje uso wake.

"Shina litaota lenyewe," alinong'ona. "Yusufu akiniwaza kule Mahajanga, ua litaota. Wewe lichunge tu."

Nikalichunga.

Nitaeleza sasa mambo niliyoyaona kwa macho yangu, na jinsi kila mmoja wetu alivyoyasoma, kwa sababu sijawahi kuona tena nyumba yenye macho mengi hivyo ikashindwa kuona kitu kimoja. Moina alianza kulia. Bibi harusi hulia. Koko alilia siku zake, mama yangu alilia zake. Wanawake walipomsikia walimwimbia, na sauti zao zilikuwa nzuri mno hata mimi nikalia. Kisha akaacha kula. Haya hiyo, walisema, ni dalili ya malezi. Kisha akaacha kuzunguka chumba, akalala tu. Bi Echata akafurahi kwamba hatimaye amejua kutulia. Mwili wake ukawa wa moto. Lakini chumba kilikuwa cha moto, hina nayo ikasemwa ina joto lake. Na kulikuwa na harufu, nyembamba, tamu vibaya, kama ya ua lililosahauliwa ndani ya maji. Katika nyumba yenye langilangi kwenye nywele, kwenye shuka na kwenye chetezo, nani angeuliza ua lipi limeoza?

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Nilidhani anayeyuka kwa mapenzi. Nilikuwa nimewasikia wakubwa wakisema juu ya mapenzi na moto, nikaona hivi ndivyo inavyokuwa.

Siku moja, adhuhuri imekaribia, leso iliteleza mguuni kwake. Moina alikuwa mtu wa maji ya kunde, na kila kitu kilionekana kwenye ngozi yake. Kutoka pembeni mwa ua la mguu wa kulia, mahali hina ilipoishia, mstari mwekundu ulikuwa umetoka. Ulikuwa mwembamba, umepindapinda kidogo, ukapita juu ya kifundo, ukaendelea na muundi kama mtambaa unaotafuta mti. Nikauwekea kidole. Ulikuwa na joto lake mwenyewe.

Nikakimbilia uani. Koko, mama na Bi Echata walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakitwanga viungo.

"Hina imeota!" nilipiga kelele. "Hina ya mama mdogo imeota shina! Imepanda mpaka hapa!" Nikajishika chini ya goti.

Bi Echata akapiga kigelegele kifupi, akacheka mpaka akakohoa. "Huyu Yusufu! Anawaza kwa nguvu, wallahi."

Mama akatabasamu. Koko hakucheka. Mchi ulikuwa umesimama mkononi mwake.

"Shina la rangi gani?" aliniuliza.

"Jekundu. Na lina moto."

Aliuweka mchi chini polepole, akainuka. Tulimfuata. Alifungua dirisha, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu Moina aingie humo, na mwanga ukaanguka juu ya kitanda wote kwa pamoja kama maji ya ndoo. Moina akafumba macho. Koko alichukua kitambaa, akakichovya kwenye ndimu na mafuta, akaupangusa ule mstari. Haukutoka. Akaubonyeza kwa dole gumba. Ukafifia, akaachia, ukarudi. Kisha mkono wake ukapanda hadi kwenye kinena, chini ya leso, ukagusa mtoki, na Moina akatoa sauti ambayo haikuwa ya bibi harusi.

Ndipo Koko akainama, akakinusa kidole gumba cha mguu. 

"Tangu lini?"

"Tangu viatu," Moina alisema. "Ukucha umeingia kwenye nyama. Nikaukata kona kwa wembe, ukapoa kidogo, ukarudi na usaha. Kisha nikapakwa hina."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Ningesema nini? Kwamba zawadi ya mume inaniumiza? Na nilisema, mama. Nililia. Mkaniimbia."

Jogoo wa jirani aliwika nje, wakati wake ukiwa umepita kabisa. Koko alikaa sakafuni, mgongo wake ukaegemea kitanda, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona ni mtu mdogo.

"Mstari huu niliuona kwa babu yako," alimwambia mama yangu. "Alichomwa na mwiba wa samaki. Tulisema tungoje upoe."

Mama alikuwa ameshaanza kutafuta leso safi. Lakini Bi Echata alisimama mlangoni, na upana wake ulitosha mlango.

"Haendi popote," alisema. "Koko, fikiri. Watu wa Mahajanga wako njiani. Wafike wakute kitanda kitupu? Tumkande kwa maji moto na kitunguu. Kidole tu hicho!"

"Wakikuta kitanda kitupu watauliza, tutawajibu," Koko alisema. "Wakikuta jeneza hawatatuuliza kitu."

"Basi aitwe daktari aje hapa."

"Daktari ni mmoja, na gari la hospitali halina petroli," mama akasema. "Mji mzima unajua."

"Basi tungoje jua lizame, apite watu hawamwoni."

"Echata." Koko aliinuka. Hakupandisha sauti. "Mimi ndiye niliyemfungia humu. Nipishe nimtoe."

Bi Echata alimtazama, kisha akamtazama Moina, midomo iliyopasuka chini ya masonjoany. Akasogea. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kila jambo kwa namna yake, alivua leso yake ya juu, mpya, akaikunja iwe mto wa ule mguu.

Wakati huo mkokoteni wa mwisho wa maua ulikuwa ukipita kwetu kuelekea kiwandani, ambako maua hupikwa katika vyungu vikubwa vya shaba mpaka yatoe mafuta. Mwenye ng'ombe aliitwa Tombo, Msakalava mrefu asiyependa kusimama, kwa sababu maua yakikaa juani yanajipika yenyewe na kuharibika. Koko akasimama katikati ya barabara.

"Mbola tsara, Koko," Tombo alimwamkia, kama wanavyoamkiana watu wa huko. "Sogea, mama. Maua yangu yanachemka."

"Yaache yachemke. Mwanangu anachemka zaidi. Mpakie."

"Bosi ataninyonga!"

"Mwambie aje aninyonge mimi. Shingo ninayo."

Tombo alichungulia, akamwona Moina amebebwa na mama na Bi Echata, mmoja kwapani mmoja magotini, miguu myeusi imening'inia na uso wa dhahabu umelala begani. Akashuka, akapanga magunia yawe kitanda.

Safari ile naiota mpaka leo, ingawa niliiona nikiwa macho. Tulikuwa juu ya maua. Yalikuwa na joto kama mwili, kila gurudumu lilipozama shimoni yalitoa pumzi, na harufu yake ilikuwa nzito hata nikahisi ninaweza kuishika. Moina alikuwa hajifuniki uso. Alisema anakosa hewa. Mbingu ilipita juu yake, kisha matawi yaliyopinda, kisha mbingu. Tulipoingia mjini wanawake wa sokoni walimwona bibi harusi juu ya mkokoteni wa langilangi, hina mpaka vifundoni, na wakafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa huko angefanya: wakapiga vigelegele. Vilitangulia mbele yetu barabara nzima, kibanda kwa kibanda. Nilidhani harusi imeanza. Nikawapungia mkono.

"Pisheni!" Koko alikuwa akiita. "Pisheni, jamani, pisheni!" Nao wakazidi kushangilia.

Daktari alikuwa mwanamke kijana kutoka nyanda za juu, nywele amezisuka misuko miwili, na Kimalagasi chake kilikuwa na lafudhi ya mji mkuu. Aliutazama mguu akakunja uso.

"Hii ni rangi, au ni nyama iliyokufa?"

"Ni hina," mama alisema.

"Mmenifichia mguu." Akampima homa, akaufuata ule mstari kwa kidole bila kuugusa, akasema maneno ya haraka ya Kifaransa kwa muuguzi. Moina alichomwa sindano ya ganzi kila upande wa kidole. Walimwambia mama anitoe nje, na mama alinitoa, lakini mlango ulikuwa wa kitambaa. Nilichokiona mwisho kilikuwa ncha ya chombo kidogo ikiinua kitu kwenye mwanga. Kipande cha ukucha, chembamba, chenye ncha kama ya mwiba. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele.

Baadaye daktari alikaa kwenye kitanda cha jirani na kumweleza Koko, kwa upole ambao sikuutarajia baada ya uso ule. Viatu vyembamba viliusukuma ukucha kwenye nyama. Wembe ulipokata kona uliacha kimwiba ndani, na kila ukucha ulipokua, kimwiba kilichimba. Ukucha wa mguu hukatwa kwa mstari ulionyooka, kona zake zikaachwa.

"Ukiuma tu, na pembeni pamekuwa pekundu kidogo," alisema, "maji ya vuguvugu yenye chumvi, kiatu kivuliwe, na mara nyingi unapona nyumbani. Ukitoa usaha, au ukikataa kupona, uletwe. Na mwenye ugonjwa wa sukari asingoje hata hayo, aje mapema. Lakini wekundu ukianza kutembea, na homa, na mtoki, hapo hakuna cha kungoja. Hapo sumu imeshaingia njiani. Hata kama kesho ni harusi."

Maneno hayo niliyasikia tena na tena baadaye, hapa Mahajanga, nilipokaa kwa Moina nikisoma. Kila Ijumaa asubuhi alituketisha kizingitini, watoto wake na mimi, akatukagua miguu kama mnunuzi wa ndizi, na aliyejikata kona alizabwa kofi la mguuni. Watoto wa mtaani walitucheka. Hakujali. Lakini siku ile hospitalini hakuna aliyejua kama kungekuwa na Mahajanga wala watoto. "Mguu utabaki?" Koko aliuliza, na daktari akasema hajui, aulizwe kesho.

Kisha alifanya jambo ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko sindano zote. Alitoa kalamu ya wino mfukoni, akachora alama ya buluu palepale wekundu ulipoishia, chini ya goti. Akaniita.

"Wewe una macho," alisema. "Wekundu ukivuka wino huu kwenda juu, mwite muuguzi. Piga kelele, nimekuruhusu."

Ndipo nilipoelewa kwamba lile halikuwa shina la ua, na kwamba halikuwa likitoka kwa Yusufu. Hakuna aliyenieleza. Nilitazama tu wino na wekundu, nikajua kimoja kati yao ni adui. Nilikaa kando ya mguu nikautazama kama nilivyoutazama kule chumbani, ila sasa nilikuwa naogopa kupepesa macho.

Kabla ya magharibi wekundu ulikuwa umeuvuka wino kwa upana wa ukucha wangu. Nilipiga kelele mpaka mgonjwa wa mwisho wa wodi akaketi. Muuguzi alikuja na sindano nyingine, daktari akaja bado anatafuna, akachora alama mpya juu ya ile ya kwanza. Usiku nilipelekwa nyumbani kwa nguvu. Asubuhi nilikimbia mbele ya mama njia nzima. Wekundu ulikuwa pale pale ulipoachwa. Kesho yake ulikuwa chini ya wino wa juu. Baadaye chini ya ule wa kwanza. Ukawa unarudi ulikotoka, kidogo kidogo, kama mgeni aliyegundua kwamba hatakiwi.

Homa ilishuka. Lakini mguu ulibaki umevimba, mzito, na kila asubuhi daktari alimwambia Moina, "Tikisa vidole." Moina alikaza uso, jasho likamtoka, na vidole havikutikisika. Daktari alisema huenda ni uvimbe, huenda ni hofu ya maumivu, na huenda ni jambo jingine. Neno la tatu alilisema kwa Kifaransa, kwa muuguzi. Kila asubuhi, wakati huo, Koko aligeukia ukutani.

Watu wa Mahajanga waliwasili katikati ya hayo. Aliyetangulia wodini alikuwa shangazi yake Yusufu, mwanamke mrefu mwenye leso pacha, miwani ya jua usoni. Wagonjwa walinyamaza alipopita. Akasimama mbele ya kitanda.

"Nilifika nyumbani nikaambiwa bibi harusi ametoka," alisema. "Nani alimtoa?"

"Mimi," Koko alisema. "Mchana, juu ya mkokoteni, uso wazi, na soko zima limemwona."

Shangazi akavua miwani. Aliinua pembe ya shuka, akautazama mguu: bendeji, uvimbe, hina iliyobanduka, mistari miwili ya wino. Kisha akakaa juu ya kitanda, kwa kishindo.

"Viatu nilivichagua mimi," alisema. "Nilivipima kwa mguu wa binti yangu. Mtoto mwenyewe hajabaleghe."

Koko alimtazama. Bega lake likaanza kutikisika, nikadhani analia, mpaka sauti ikatoka na nikajua anacheka, na shangazi naye akacheka, wote wawili wameshikana mikono na machozi yanawatiririka, na mama yangu akiwaambia, "Nyie, hapa ni hospitali."

Yusufu alikuwa nje. Kwa ada hakupaswa kumwona Moina wala kusema naye mpaka ndoa ifungwe. Alikuwa amesimama nyuma ya kitambaa cha mlango. Tuliiona miguu yake chini, ndani ya kandambili, ikigeuka huku na huku. Mwishowe akaingia, macho chini. Moina akavuta leso akajifunika uso wote.

"Yusufu!" shangazi akaita. "Usiseme naye!"

"Sisemi naye, shangazi." Alipita kitandani hadi mwisho, akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na bendeji. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye masikio makubwa, na alikuwa hajalala. "Nina maneno na mguu."

Wodi nzima ikageuka. Mama mmoja wa kitanda cha pili akasema, "Haya, mguu, umeposwa."

"Mguu," Yusufu alisema kwa heshima kubwa, "hujambo?"

Akatega sikio kwenye bendeji.

"Nimekuja kwa boti tangu Mahajanga, nimetapika njia nzima. Wenzangu wanasema nimegeuka kijani. Mguu, angalau niitikie salamu."

Leso juu ya uso wa Moina ikaanza kupanda na kushuka. Alikuwa anacheka, na anajizuia, na hawezi. Koko hakugeukia ukutani. Nilikuwa karibu kuliko wote, kidevu changu juu ya godoro. Kidole kidogo cha mwisho kikasogea. Nilidhani ni shuka. Kisha kile cha jirani yake, kisha kingine, na daktari, ambaye sijui aliingia saa ngapi, akanishika bega akaniambia nisipumue. Ndani ya bendeji, kidole gumba kikainuka, kidogo sana, kama mtu aliyelala aliyesikia jina lake likiitwa.